Madigadi nne, kinga nne, miezi 18

Assalaam alaykum, jamaa zangu. Leo sikusimama mbele ya kamera, nimelala chini ya gari. Hii iliyokaa juu ya magogo ni Peugeot 404 ya marehemu baba, na magurudumu yote nimeyavua ili nikuonesheni mahali ambapo gari ikisimama barazani hapaonekani: ndani ya madigadi.

Miezi 18 iliyopita kila madigadi niliipaka kinga yake, kisha nikaitumia gari kama kawaida. Masika imenyeshewa mara mbili, Paje imekwenda, Nungwi imekwenda, na njia ya kifusi ya shambani kwetu inapita kila wiki.

Kwanza mjue kwa nini nimeshughulika hivi. 404 haina chesisi ya peke yake, bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Shokapu ya mbele imeshikwa juu kabisa, humu humu ndani ya madigadi. Bati la hapa likiliwa na kutu si habari ya urembo tena, ni habari ya roho za watu. Na gari yenyewe si dhaifu: Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda nayo Safari Rally 1966 na tena 1967, kwa matope na mawe ya wakati ule. Mawe inayaweza. Inayoimaliza huku kwetu ni chumvi.

Chumvi haingojei mvua. Unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, chumvi iliyokauka juu ya bati huanza kujivutia maji yenyewe na kuyeyuka. Sasa fikirini usiku wa Unguja, ule unyevu unaolowesha kioo cha gari mpaka alfajiri. Gari imelala nyumbani, hakuna tone la mvua, na bati linaliwa.

Haya, mbele kushoto. Hapa nilipaka lami, ile ya kopo inayopakwa kwa brashi, ambayo karibu kila gereji ndiyo watakayokupa. Kwa macho ni nzuri, nyeusi tii. Lakini sikilizeni nikigonga kwa mpini wa bisibisi. Hapa sauti kali. Hapa... sauti imekufa. Nachokonoa kidogo, linatoka ganda zima, na chini yake tazameni: kutu nyekundu, tena mbichi, ina maji. Lami ikikauka huwa ngumu, jiwe likiipiga inapata ufa, maji ya chumvi yanaingia na hayana pa kutokea. Mtu ataniambia hukulisafisha bati vya kutosha. Kweli, nililipiga brashi ya waya tu. Lakini ndivyo inavyopakwa mitaani, na nilitaka kuijaribu kama inavyopakwa. Imeniuma kuliona hili, maana kabla ya lami bati hili lilikuwa zima.

Mbele kulia ni mafuta ya lanolini, yanayotokana na sufu ya kondoo. Hayakauki. Napitisha kidole, bado yanateleza, na chini yake bati ni kavu. Pale tairi linaporusha maji yamekwisha, nimeyarudia mara moja kabla ya masika ya pili. Hili wazee wa majahazi hawahitaji kufundishwa: chombo kinapandishwa pwani, kinakwanguliwa, kinapakwa shahamu na chokaa upya, kinarudi majini. Hakuna aliyepaka mara moja akasahau. Ila msiyafananishe na oili chafu. Oili chafu inavimbisha bushi na mipira, na ikidondoka inaishia ardhini, na sisi maji yetu tunayachota humo humo ardhini.

Nyuma kushoto, prima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayoshika bati, na juu yake raba ya kopo la kupuliza. Si mbaya, lakini nyuma ya tairi mchanga umeisugua mpaka prima imeonekana. Kwa gari ya kutembelea mjini inatosha.

Nyuma kulia ndiyo niliyoingojea. Bati nililisaga mpaka likang'aa, nikaliosha, nikapiga epoksi mikono miwili, viungo nikaviziba kwa gundi ya kuzibia viungo vya bodi, kisha Raptor, ile rangi ngumu inayotengenezwa kwa ajili ya kitanda cha pikapu. Nakwaruza kwa bisibisi kwa nguvu zangu zote, mnaona, inabaki alama tu. Hakuna ilipobanduka.

Lakini sikilizeni masharti yake. Inachanganywa sehemu tatu kwa moja ya hadina, ile dawa ya kuigandisha, na kwa joto letu inaanza kuganda mapema kuliko maelezo yalivyoandikwa, basi pigeni asubuhi. Hadina yake ina isosayaneti, kemikali inayoharibu mapafu. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote, na ya vumbi pia haitoshi. Vaeni ile ya vichujio vya mvuke wa kemikali, fungueni milango, na watoto wasiwe karibu. Nimewaona mafundi vijana wanaipiga kifua wazi, na nawaomba sana waache.

Jingine ni maji ya kuoshea bati kabla ya rangi. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Ukioshea maji hayo, chumvi umeifungia ndani wewe mwenyewe. Mimi nilitumia maji ya mvua.

Kwa hiyo gari ikiwa imevuliwa mpaka bati tupu, epoksi na Raptor, sina shaka. Ikiwa bado ina rangi yake ya kiwandani na hujui ndani ya viungo mna nini, usiifunike kwa kitu kigumu. Raptor ikishashika kuitoa ni mateso, na itaficha alama za kuchomelea za kiwandani ambazo wapenzi wa magari ya zamani huzitafuta. Hiyo ipake lanolini kila mwaka kabla ya masika. Na zote mbili, vitundu vya kutolea maji chini ya milango vizibueni kwa waya. Hiki cha kwangu kilikuwa kimejaa mchanga wa Paje.

Kesho asubuhi nabandua lami yote ya kushoto, jua halijawa kali. Patakapokutwa shimo itabidi tukate bati na kuchomelea, na nitawasha kamera tangu mwanzo mwone limeliwa kiasi gani.