Nyuzi 24 au 28? Nilivyopima mgongo wa binti yangu kwa kompyuta

Aliyegundua si mimi wala mwalimu. Ni fundi cherehani wa Makoroboi, hapa Mwanza. Alikuwa anampima binti yangu sare za kidato cha tatu, futi ikamgomea: bega la kulia limepanda, na sketi ikivaliwa inashuka upande. "Mama, huyu mtoto umeshampeleka hospitali?" Nikamjibu kwamba ni begi la shule na ndoo za maji tu. Jibu la mtu asiyejua.

Daktari alimwambia ainame huku mikono ikining'inia, akamtazama kwa nyuma. Mbavu za upande mmoja zikainuka kama mtumbwi uliolazwa ubavu pale Mwaloni. Akaandikiwa eksirei ya mgongo mzima, ya kusimama, bila viatu. Tatizo linaitwa skoliosisi: pingili zinapinda kwenda pembeni huku zikijisokota. Kwa wasichana wa umri huu mara nyingi chanzo chake hakijulikani, ila begi na ndoo havimo. Nilishusha pumzi, maana aliyekuwa akimtuma maji ni mimi.

Picha ya kwanza ilipimwa kwa penseli na kipimapembe: nyuzi 24. Miezi 6 baadaye tukapiga nyingine kituo tofauti, ambako programu ya kompyuta inachora mistari yenyewe na kutoa jibu: nyuzi 28. Usingizi ukaniisha. Kipimo hicho ni pembe ya Cobb, jina la daktari wa mifupa wa Marekani aliyekieleza mwaka 1948. Chini ya nyuzi 10 haihesabiwi kuwa skoliosisi. Kwa mtoto anayeendelea kukua, zikifika 25 hivi wanaanza kuzungumzia mkanda wa plastiki ngumu wa kuvaa sehemu kubwa ya siku, na zikivuka 45 au 50 mazungumzo yanakuwa ya upasuaji. Kwa hiyo zile nyuzi 4 kwangu hazikuwa hesabu. Nilikuwa nawaza plastiki mwilini mwa mtoto, kwenye joto la Mwanza, ndani ya daladala la asubuhi.

Mtoto wa kaka yangu anasoma chuo kule Malimbe. Akaniambia, "Shangazi, tukapime wenyewe." Alipakua Weasis, programu ya bure ya kuangalia picha za hospitali, ambayo ina kifaa cha kupima hiyo hiyo pembe ya Cobb. Kazi ngumu ilikuwa kuzipata picha zenyewe. Mimi nilikuwa nimeridhika na ile niliyoipiga kwa simu kutoka kwenye filamu na kuituma WhatsApp, kumbe simu ikiinamishwa kidogo picha inapotoka na pembe inapotoka nayo. Unatakiwa uombe mafaili halisi kwenye sidii. Tukayaomba, tukayapata, halafu kompyuta yake haina pa kuingizia sidii! Steshenari moja ikatuhamishia kwenye flashi.

Kupima kwenyewe ni rahisi kuliko nilivyodhani. Unatafuta pingili iliyoinama kuliko zote juu ya mpindo na iliyoinama kuliko zote chini yake. Unachora mstari kwenye ukingo wa juu wa ile ya juu, mwingine kwenye ukingo wa chini wa ile ya chini, programu inakupa pembe. Tukapima kila picha mara 5. Picha ile ile, mikono ile ile, majibu yalipishana hadi nyuzi 3. Ndipo kijana akaona kilichotokea: ile programu ya kituo ilikuwa imeshika pingili ya 12 ya kifua, wakati penseli ya daktari wa kwanza iliishia ya 11. Tulipotumia pingili zile zile kwenye picha zote mbili, tulipata 26 na 27.

Nikampelekea daktari karatasi yangu kwa aibu kidogo. Hakucheka. "Mama, tofauti isiyofika nyuzi 5 hatusemi mgongo umeongezeka kupinda. Hata mimi nikipima leo na kesho sipati sawa." Kisha akafanya jambo ambalo programu zote mbili hazikulifanya: akashuka kwenye picha hadi mfupa wa nyonga, akatazama ule ukingo wa juu ambao hufunga taratibu mtoto anapomaliza kukua. Akamuuliza binti alivunja ungo lini. Wa kwetu yuko hatua ya 4 kati ya 5 za kufunga huko, kwa hiyo nafasi ya mgongo kuendelea kupinda ni ndogo. Mkanda hatuvai kwa sasa.

Weasis naipa nyota 4. Imenifanya nielewe namba iliyokuwa ikininyima usingizi, na haikunigharimu zaidi ya bando. Ile ya kuchora yenyewe naipa 2, si kwa sababu ilikosea pingili moja, bali kwa sababu ilitoa 28 peke yake bila kusema imepima kutoka wapi hadi wapi. Ukipewa jibu la namna hiyo, uliza majina ya pingili. Ya kwetu sasa yameandikwa kwenye kadi ya mtoto, na picha ijayo tutapiga kituo kile kile.

Fundi naye ameikata sketi upya, upindo wa upande mmoja mrefu kidogo kuliko wa pili. Nikamwambia mgongo ni nyuzi 27. Akasema yeye amehitaji rola nzima.