Nitue wapi, kwenye mahindi?

Nyota moja, na hiyo nimeitoa kwa sababu sifuri haikubaliki.

Mimi ni rubani wa hizi ndege ndogo za injini moja, na programu hii ya ramani nimeilipia miaka kadhaa. Masika yaliyopita nilikuwa natoka Moshi kwenda Tanga, nafuata bonde la Pangani. Kukaribia Korogwe, mawingu yameshuka yamekalia Usambara kama kilemba. Nikaona heri nitue mahali nisubiri. Kucheki tableti, uwanja huo hapo! Maili nne, nyasi, mita 900. Nikashukuru Mungu.

Nikashuka, nikazunguka mara mbili. Mama mmoja mwenye jembe akanyoosha mgongo, akanipungia mkono. Mahindi yamemfika kiunoni, mistari imenyooka kuliko viwanja vingi nilivyowahi kutua. Pembeni tanuri la tofali limefunikwa turubai, na magoli mawili ya miti. Uwanja upo kumbe, ila wa mpira, tena wa watoto.

Nikaishika reli chini chini mpaka Tanga, jasho linanitoka, abiria nyuma ananiuliza kama tumeshafika.

Mahindi nimeyasamehe. Mashamba ya mkonge yalikuwa na viwanja vyake enzi hizo, mkonge ukaanguka, watu wakalima. Orodha moja ikanakili ramani ya zamani, nyingine ikanakili orodha hiyo, basi uwanja uliokufa ukawa hai kila mahali isipokuwa ardhini. Kilichonichoma ni jibu la wenye programu. Nimewaandikia kistaarabu, nimewatumia na picha, wananijibu: "Je, una uhakika ulikuwa mahali sahihi?"

Mimi! Nimezaliwa Mombo, mtoto wa mfanyakazi wa mkonge, naulizwa kama naijua Korogwe!

Haya, nisiwaonee. Nusu ya kosa ni langu. Viwanja vyetu vyenye utambulisho wa kimataifa vina herufi nne zinazoanza na HT: Tanga ni HTTG, Dar ni HTDA. Huu ulikuwa na tarakimu za kubuni tu, maana yake kuna mtu alikaa na picha ya setilaiti, akaona mstari, akasema uwanja. Ningefungua kitabu cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla sijaondoka, yasingenikuta. Na kwa upepo na mvua, sijaona programu inayoishinda hii. Hata siku hiyo mvua ilinyesha palepale iliposema. Kwa hiyo nilishabadilisha, nikaweka nyota tatu, nikataka kufunga mjadala.

Juzi nikasasisha ramani. Nikausogelea uwanja wangu nione kama wameufuta. Haujafutwa. Sasa umeandikwa lami.

Narudisha moja.