Nilikwenda La Mancha, nikaishia kwenye duka la jibini

Nilingoja miaka mingi kuiona La Mancha, nyanda kavu za Hispania ya kati ambako mwandishi Miguel de Cervantes alimtembeza Don Quijote, shujaa wa riwaya yake, na nilipopata nafasi mwaka jana, kiangazi kikielekea ukingoni, nililipia ziara ya siku moja ya basi kutoka Madrid. Ratiba ilitaja Consuegra, Campo de Criptana na El Toboso. Kampuni siitaji, ninachotaka kijulikane ni namna tulivyotendewa.

Consuegra ilinitoa machozi. Vinu vya upepo 12, vyeupe, vimejipanga juu ya mgongo wa kilima pamoja na ngome ya kale, na chini yake ardhi imetandazwa hadi macho yanachoka. Laiti tungegeuza kurudi Madrid kutoka hapo, ningeisifu ziara hii kwa kila mtu.

Karaha ilianza Campo de Criptana. Mji huu una vinu 10, na vitatu kati yake, Burleta, Infanto na Sardinero, ni vya karne ya 16, maana yake vilikuwa vimesimama pale kabla sehemu ya kwanza ya riwaya hiyo haijachapishwa mwaka 1605. Tulipewa robo saa. Niliingia katika kinu kilichokuwa wazi, nikapanda ngazi nyembamba hadi kwenye mawe ya kusagia, na mzee anayekitunza akaanza kunionyesha vidirisha vilivyo chini ya paa, ambavyo msagaji alivitumia kujua upepo unatoka upande gani, kabla ya kulizungusha paa zima kwa mti mrefu ulioko nje ili mabawa yaukabili. Hajafika nusu ya maelezo yake, nikasikia makofi. Kiongozi wetu alikuwa akinipigia makofi kutoka chini kama anayefukuza kuku, na nilipomsihi aniongezee dakika 5 alijibu kwa sauti iliyosikika na wote: "Bwana, hivyo ni vinu tu!"

Maneno hayo yalinichoma. Katika riwaya, Don Quijote anavishambulia vinu akidhani ni majitu, na mtumishi wake Sancho Panza naye alimwambia kwamba yale si majitu bali ni vinu, lakini Sancho alisema hivyo kwa kumhurumia, asije akajiumiza. Huyu alisema kwa dharau, mbele ya mzee aliyekuwa akieleza kazi anayoipenda, na mzee akanyamaza.

Dakika tulizonyimwa pale zilipelekwa kwingine. Tulikaa saa moja na nusu katika duka la jibini na zafarani kando ya barabara, mlango wa basi ukiwa umefungwa, hata kwa sisi tusiotaka kununua kitu. Zafarani yao ni nzuri, sikatai, na nilifurahi kusikia wakiiita azafrán, neno lililowafikia kutoka kwa Waarabu kama lilivyotufikia sisi. Lakini tulipotoka jua lilikuwa limeshuka, na El Toboso, kijiji cha Dulcinea, mwanamke ambaye Don Quijote anampenda kwa ndoto zake, kikafutwa bila hata neno la samahani. Kijijini humo mna makumbusho yaliyojaa nakala za riwaya ya Don Quijote katika lugha nyingi, nami nilikuwa nimenuia kuuliza kama Kiswahili kimo. Ndiyo sababu hasa nilichagua ziara hii na si nyingine. Nilipolalamika kwa maandishi niliambiwa kwamba ratiba huweza kubadilika, na hata senti moja haikurudi.

Niliapa kuandika kwamba msiende. Siwezi, kwa kuwa nikifumba macho naviona vile vinu vya Consuegra. Nendeni, ila nendeni wenyewe: kuna treni kutoka Madrid hadi Alcázar de San Juan, na Campo de Criptana ni jirani tu na hapo. Mimi nitarudi. Nitaanza na El Toboso, asubuhi na mapema, kisha nitamtafuta yule mzee na kumwomba aendelee pale alipokatishwa.