Ghidra kwa gemu za 6502: dirisha la C usiliamini

Ghidra ni programu ya bure iliyotolewa na NSA, shirika la ujasusi la Marekani, mwaka 2019; inageuza baiti za programu kuwa amri zinazosomeka, na wengi wanaijua kwa kuchambua virusi vya kompyuta. Kwa gemu za zamani zilizoandikwa kwa asembli (lugha ya amri za kichakataji) ya kichakataji cha 6502 inafaa pia, mradi usiiachie ijiendeshe. Mfano mzuri ni Super Mario Bros. (1985) ya NES, mashine ya gemu ya Nintendo, faili lenye baiti 40,976.

Matoleo mapya ya Ghidra yanadai JDK 21 (vifaa vya Java). Unapoingiza faili la gemu, chagua Raw Binary, lugha 6502, Base Address 8000, File Offset 10, Length 8000, zote kwa heksadesimali. Baiti 16 za mwanzo ni kichwa cha faili tu. Ukizisahau, kila anwani inasogea na hakuna ruko (amri ya kuhamia anwani nyingine) linaloangukia mahali pake. Angalia anwani FFFA: ukikuta 82 80 00 80 F0 FF, umepakia sawasawa. Hakikisha pia RAM imefika 07FF.

Balaa liko kwenye rutini (kipande cha programu kinachoitwa na vingine) ya anwani 8E04. Rutini hii inapokea namba kwenye rejista A (hifadhi ndogo ndani ya kichakataji), inaizidisha kwa mbili, kisha inachomoa anwani ya kurudia kutoka kwenye staki, rundo la kumbukumbu linalotunza anwani hizo. Hairudi ilikoitwa: inatumia anwani hiyo kusoma jedwali la pointa (anwani zilizohifadhiwa) lililopangwa mara tu baada ya JSR, amri ya kuita rutini, halafu inarukia pointa inayolingana na namba. Ghidra haijui hilo. Inalisoma jedwali kama amri, na takataka hizo zinachafua hadi rutini za jirani.

Dawa yake: fungua Edit Function kwenye 8E04, weka No Return. Bonyeza S, tafuta 20 04 8E, yaani JSR inayoita 8E04. Kila zilipo, futa kinachofuata kwa C, geuza kila jozi ya baiti kuwa pointa kwa P, nenda inakoelekeza, bonyeza D kugeuza baiti za hapo kuwa amri. Jedwali linalotegemea anwani 0770, yaani hali ya gemu, lina pointa 4. Kwingine, ukikuta jozi iliyo chini ya 8000 ujue umeshapita mwisho. Kazi ya kuchosha, lakini haina njia ya mkato.

Baiti 2C nayo ni mtego: kichakataji kinaisoma kama BIT, amri ya baiti tatu, na kumeza amri ya baiti mbili iliyo mbele, ilhali ruko la kwingine linaingia moja kwa moja kwenye amri hiyo. Ghidra inaweka alama ya mgongano. Tumia Modify Instruction Length, BIT ibaki baiti 1.

Dirisha la C, ambapo Ghidra inajaribu kutafsiri asembli kuwa lugha ya C, ni la kupambia tu. Pointa za ukurasa wa sifuri (baiti 256 za mwanzo za kumbukumbu) zinageuka CONCAT11, yaani baiti mbili zilizounganishwa, na jibu linalorudishwa kwa bendera ya carry (biti moja ya hali ya kichakataji) halionekani kama jibu. Soma asembli yenyewe.

Raha yake ni marejeleo: ipe anwani 075A, inapohifadhiwa idadi ya maisha ya mchezaji, jina "maisha", na kila amri inayoigusa inajitokeza papo hapo. Kwa hilo pekee inastahili nafasi kwenye diski. Ila haitoi chanzo kinachoweza kuasembliwa upya. Hapo tumia da65, programu nyingine ya kugeuza baiti kuwa asembli. Na gemu ikiwa inakimbia, ifuatilie kwa FCEUX au Mesen, programu zinazoiga NES kwenye kompyuta.