Tahadhari kwa mnaongoja mahojiano ya viza ya ndoa: hapa Mombasa hakuna anayeuza tarehe

Assalamu alaykum, na salamu kwenu nyote. Naandika haya kwa kina dada, na kina kaka pia, wenye wenzi wao Marekani na sasa wanangoja kuitwa ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi. Kuna broka anazunguka hapa mjini, mtu mzima, maneno yake matamu, anayesema ana mtu wake ndani ya ubalozi na anaweza kukusogezea tarehe ya mahojiano. Bei yake kwa sasa ni shilingi 85,000, nusu unatanguliza, nusu ukipata barua ya mahojiano. Msimpe hata shilingi moja.

Mimi pia ni miongoni mwa wanaongoja, kwa hivyo najua vile jambo hili linavyokula moyo. Mume yuko kule, wewe uko Majengo, mtoto anamjua babake kwa video ya WhatsApp, na kila penye harusi au msiba watu wanakuuliza, "Bado tu?" Broka huyu anayajua hayo vizuri. Hamtafuti mtu aliyetuma maombi juzi. Anamtafuta yule ambaye I-130 yake, yaani ombi ambalo mume alimwombea, ilishakubaliwa, ada zimelipwa, DS-260, fomu ya viza yenyewe, imejazwa, mume ametuma I-864, fomu ya dhamana, na ushahidi wa mapato, na NVC, kituo cha viza cha Marekani, kimemwandikia kwamba makaratasi yake yamekamilika. Ukifika hapo huna la kufanya ila kungoja, na mtu asiye na la kufanya ni rahisi sana kuuziwa tumaini.

Sasa tazameni hila yenyewe. Tarehe za viza za uhamiaji hazipangwi na karani wa Nairobi anayeweza kutiliwa kitu mkononi. Ubalozi unakijulisha NVC, kilichoko New Hampshire kule Marekani, una nafasi ngapi, nacho kinazigawa kwa kufuata nani alitangulia kukamilisha makaratasi. Foleni inasonga yenyewe, hata kama ni polepole. Broka anachukua pesa kwa watu wengi, kisha anakaa tu. Miezi ikipita, wawili watatu wanafikiwa na zamu zao, zamu ambazo zingewafikia hata kama hawakumpa kitu. Wanalia kwa furaha, wanampigia simu kumshukuru, wanawaelekeza wenzao kwake. Waliobaki wanaambiwa faili limekwama, ongeza kidogo. Ndiyo maana mnasikia watu waaminifu kabisa wakiapa kwamba jamaa anaweza. Hawasemi uongo. Wameuziwa kilichokuwa chao.

Na pesa si hasara kubwa kuliko zote. Ukimwendea, kitu cha kwanza anachotaka ni namba ya kesi yako, ile inayoanza na NRB, pamoja na namba ya invoisi. Jamani, hizo mbili ndizo ufunguo wa akaunti yako ya CEAC, tovuti ya maombi ya viza. Akizipata anaingia, anaona kila kitu chenu, mpaka anwani ya mume na mapato yake. Jirani yangu mmoja alimwachia amjazie fomu tangu mwanzo, na mahali pa kuchagua wakala wa kupokea mawasiliano, broka akaandika barua pepe yake mwenyewe. Barua ya mahojiano ilipotoka ilimfikia yeye. Akaikalia. Dada wa watu akaambiwa amalize deni kwanza, na ilibidi mahari iliyowekwa kwa mama iguswe ndipo akaiona barua yake, siku zikiwa zimebaki chache na daktari wa vipimo vya viza hajaonwa.

Kuna wengine amewaahidi cheti cha ndoa cha haraka, au cheti cha mwenendo mwema kisichohitaji alama za vidole. Hapo nawasihi kwa dhati. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inaweza kumfungia mtu mlango maisha yake yote akipatikana amedanganya au ametoa karatasi ya uongo ili apate viza, na msamaha wake si rahisi kupatikana. Ndoa yako ni ya halali, umeoa au umeolewa mbele ya watu, halafu karatasi moja ya kughushi iifanye ionekane ya uongo mbele ya afisa! Cheti hicho cha mwenendo mwema, cha polisi, kinaombwa eCitizen, ada ni shilingi 1,050, na alama za vidole unaweza kuchukuliwa Huduma Centre ya hapa hapa mjini.

Akikwambia ulipe ada za NVC kupitia yeye, jueni kwamba ada hizo ni dola 325 za maombi ya viza na dola 120 za dhamana ya mume, zinalipwa ndani ya CEAC kutoka akaunti ya benki ya Marekani. Hazitumwi kwa M-Pesa ya mtu binafsi na ya kutolea juu. Pesa ya kupimwa afya unaitoa mwenyewe kwa daktari aliyeidhinishwa na ubalozi. Barua pepe za NVC huishia na state.gov, ikitoka Gmail, hata ikiwa na nembo ya tai, si yao.

Kuna njia za halali na hazina malipo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina ukurasa unaoonyesha kila ubalozi umefikia waliokamilisha makaratasi mwezi gani, kwa hivyo unaweza kujipima mwenyewe foleni iko wapi. Kama kuna ugonjwa mzito au jambo la kufa na kupona, mnaiomba NVC iharakishe kesi, na barua ya hospitali mnaambatanisha. Mume naye anaweza kwenda ofisi ya mbunge wake wa Congress au seneta wake. Wana wafanyakazi wa kuulizia kesi kama hizi. Hawawezi kukurusha foleni, lakini faili lililosahaulika huwa linaamka.

Kwa mliokwisha kumpa namba zenu: mume aandikie NVC leo, si kesho, wakala abadilishwe na barua pepe iwe yenu. Ujumbe wa M-Pesa msiufute, wala sauti zake za WhatsApp, mwende nao DCI, polisi wa upelelezi. Ikiwa umetuma sasa hivi, peleka ule ujumbe kwa 456 uombe pesa zirudishwe kabla hajazitoa. Na kama unaona haya kwenda kituoni peke yako, niandikie pembeni. Tuko kadhaa, tutakwenda pamoja.