Wiki tatu za kutoa kwenye daka la Mkomani: tathmini ya mzazi

Katika likizo ya Aprili nilimpeleka binti yangu wa miaka 9 kwenye darasa dogo la hesabu linaloendeshwa katika daka, yaani ukumbi wa mlangoni, la nyumba moja ya mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, na mwalimu mstaafu ambaye watoto humwita Bi Mwalimu. Ada ilikuwa shilingi 1,500 kwa wiki 3, vipindi 4 kila wiki, saa moja kila kipindi baada ya sala ya Alasiri, na somo lilikuwa moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, nalo ni kutoa. Nawaandikia wazazi wanaojiuliza, kama nilivyojiuliza mimi, kwa nini walipie jambo ambalo shule imekwisha kulifundisha.

Binti yangu alikuwa akitoa 27 katika 52 na kupata 35. Kosa hilo halikutokana na uzembe. Aliona 2 na 7 kwenye safu ya mamoja, akajua kwamba 2 haitoshi kutolewa 7, basi akageuza na kutoa 2 katika 7, akaandika 5, kisha akatoa 2 katika 5 kwenye makumi na kuandika 3. Kabla ya hapo nilikuwa nimemlipia tuisheni katika kituo kimoja ambako alifundishwa kwamba tarakimu ikiwa ndogo "inakopa kwa jirani." Alipouliza deni hilo hulipwa lini, aliambiwa afuate kanuni. Swali lake lilikuwa la haki kabisa, kwa kuwa mtoto aliyelelewa vyema anajua kwamba kilichokopwa hurudishwa, na katika hesabu ile hakuna anayerudisha chochote.

Bi Mwalimu halitumii kabisa neno kukopa, husema kuvunja. Siku ya kwanza alitandika mkeka, akamwaga sarafu za shilingi 1 na za shilingi 10, akaweka kando noti za 100 na za 1,000. Sarafu za 5 na 20 pamoja na noti za 50, 200 na 500 hakuzileta, na nadhani uamuzi huo ndio roho ya mafunzo yake, kwa sababu kila kilichobaki mkekani kina thamani mara kumi ya kile kilichokitangulia, na fedha ambazo mtoto huzishika kila anapotumwa dukani zinakuwa ndizo mamoja, makumi, mamia na maelfu ya daftarini. Binti yangu alipewa sarafu 5 za kumi na 2 za shilingi moja, akaambiwa amlipe mwenzake shilingi 27. Alizitazama sarafu zake 2 kwa muda, akanyanyua sarafu moja ya kumi na kumwambia mwalimu, "Nivunjie hii." Akapewa shilingi kumi mojamoja. Sasa alikuwa na makumi 4 na mamoja 12. Akahesabu 7, akaongeza makumi 2, akampa mwenzake, na mbele yake zikabaki 25. Fedha zake hazikuongezeka wala kupungua kwa kuvunjwa, na hakudaiwa na mtu. Tangu jioni ile sijamwona akiigeuza safu.

Jambo jingine lililonipendeza ni namna anavyowasomesha watoto nambari. Tunaposema arobaini au hamsini, majina hayo yaliyotoka Kiarabu hayamwonyeshi mtoto kwamba ndani yake mna makumi manne au matano, tofauti na kumi na mbili, ambayo inajieleza yenyewe. Kwa hiyo darasani 52 husomwa kwanza "makumi matano na mamoja mawili," kisha hamsini na mbili.

Wiki ya pili aliwapa hesabu ya mji wao. Ngome ya Lamu ilikamilika mwaka 1821, na Mji Mkongwe wa Lamu ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Je, kati ya miaka hiyo miwili kuna miaka mingapi? Hesabu hii ni ngumu kuliko inavyoonekana, maana katika 2001 hakuna makumi wala mamia ya kuvunja, na hapo ndipo watoto wengi huandika sifuri chini ya sifuri na kuendelea. Kwa fedha, njia ilionekana wazi: noti moja ya elfu ikavunjwa kuwa noti 10 za mia, moja kati ya hizo ikavunjwa kuwa sarafu 10 za kumi, zikawa elfu moja, mia 9, makumi 10 na shilingi 1. Ukiondoa 1,821 humo, inabaki mia moja na makumi 8, yaani miaka 180. Kisha watoto walijumlisha 180 na 1821 ili kuona kama watarudi 2001, jambo ambalo walitakiwa kulifanya kwa kila jibu.

Kwenye maswali ya maneno ndipo nilipojifunza mimi. Waliulizwa: Ali ana tende 12, Omari ana 7, Ali anamzidi Omari kwa tende ngapi? Binti yangu aliandika 84. Alisikia "anamzidi," akazidisha. Bi Mwalimu hakumkemea. Aliwapangia tende safu mbili zikikabiliana, kila ya Omari mbele ya ya Ali, na 5 zikabaki bila mwenzake. Katika swali hilo hakuna kitu kilichoondolewa wala kuliwa, na bado ni swali la kutoa, kwa kuwa kutoa hutafuta tofauti sawa na kunavyotafuta baki. Vivyo hivyo muuza duka anapokurudishia chenji ya 100 kwa bidhaa za shilingi 63: hukutilia 7 kufikia 70, kisha 30 kufikia 100, naye ametoa kwa kuhesabu kwenda mbele.

Kasoro zipo na sitazificha. Watoto walikuwa 14, wa miaka 7 hadi 12, katika daka moja, na wale wadogo walichoka kabisa siku ya hesabu ya 2001. Mzazi hapewi karatasi yoyote ya kumsaidia mtoto nyumbani, hata niliazima daftari la binti yangu usiku ili niyafahamu maneno yanayotumika.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba mtoto mmoja alipouliza 3 toa 5, alijibiwa kwamba haiwezekani. Kwa watoto wa rika hilo jibu hilo lina nafuu yake, lakini litakuja kuwasumbua watakapokutana na nambari hasi, na ni hao hao waliopewa sababu ya kila kitu kingine. Mwanahesabu Brahmagupta wa Bara Hindi alikwisha kuandika kanuni za nambari hizo mwaka 628 akiziita deni, na deni ni kitu ambacho mtoto wa Lamu anakijua tangu siku ya kwanza anayotumwa dukani na kuambiwa, "Mwambie aandike." Ukiwa na shilingi 3 na ukachukua kitu cha shilingi 5, daftari la muuza duka litasema unadaiwa 2. Hapo ndipo neno kukopa lingekuwa mahali pake.

Nilimweleza Bi Mwalimu hayo kwa adabu siku ya kufunga. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba ataleta daftari la mkopo mkekani likizo ya Agosti, kwa wale wakubwa tu. Nimekwisha kumlipia binti yangu nafasi.