Ile kamera na dawa ya rangi ya kijani walivyotumia kwenye figo ya mdogo wangu, maoni yangu baada ya kuona video

Wakuu, tangu mimi na mdogo wangu turudi kutoka India watu wa hapa Kigoma wananipigia sana kuuliza habari za kupandikiza figo, mengi nimejibu kwa simu ila hiki kitu kimoja, kamera inayoonyesha kama damu imefika kwenye figo mpya, nakiandika kwa urefu kwa sababu hakuna anayekiuliza, na mimi mwenyewe nisingekijua kama sio bili.

Ni hivi, mimi nilitoa figo ya kushoto, yeye akapokea. Siku ya kulipa shemeji yetu anayefanya kazi kule akawa anapitia bili mstari kwa mstari, akafika sehemu imeandikwa herufi tatu tu, ICG, na hela yake pembeni. Hakuna aliyetuambia habari zake kabla, sio kwenye fomu tulizosaini wala kwenye kikao na madokta, na hapo ndo lawama yangu naisema wazi, mtu anachomwa dawa akiwa amelala halafu anakuja kuijua kwenye bili, haipendezi kabisa. Tukasema hatulipi mpaka tuelezwe. Akaja dokta wa upasuaji mwenyewe na tableti mkononi, akaomba radhi, akasema kaeni niwaonyeshe.

Sasa hiyo video jamani. Wakishaunga ateri (mshipa unaoingiza damu) na veni (unaoitoa) ya figo mpya kwenye mishipa mikubwa ya nyonga wanaachia vibanio damu iingie, ile figo iliyokuwa imepauka kwa baridi inageuka pinki. Daktari asiye na hii kamera hapo anaangalia rangi, anaigusa kwa vidole, anasubiri mkojo udondoke. Wao wakazima taa za thieta, mmoja akachoma rangi, ndo hiyo ICG ya kwenye bili, kwenye mshipa, kamera ikasogezwa juu ya figo. Skrini nyeusi tii kama ziwa usiku wa giza, wale wa Kibirizi wananielewa, zile siku mwezi haupo ndo dagaa wanavuliwa. Mara ateri ikawaka, mstari mwembamba tu, ukaingia kwenye figo ukaanza kusambaa, hapa panawaka na pale panawaka kama karabai zinavyowashwa mtumbwi mmoja baada ya mwingine mpaka figo nzima inang'aa. Nzima isipokuwa ncha ya chini. Pale palibaki peusi.

Dokta akasimamisha video akaweka kidole pale pale. Figo yangu ilikuwa na ateri mbili, hilo tulilijua tangu siti skani, moja kubwa na kengine kadogo kanakoenda ncha ya chini, na hako kadogo ndo kanasaidia kulisha mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu, kakikosa damu mrija unaweza kuoza ukavuja au ukaziba baadae. Kumbe figo ilipolazwa mahali pake kale kamshipa kalijikunja. Tukaonyeshwa na picha ya taa za kawaida ya dakika hiyo hiyo, mimi kwa macho yangu niliona pinki tu kote, labda pamefifia kidogo. Wakaigeuza figo, wakakanyoosha kamshipa, wakangoja rangi ya kwanza iishe, wakachoma tena. Safari hii ikawaka mpaka mwisho. Mdogo wangu alikuwa amenishika mkono akasema kaka, hiyo ni ya kwako inawaka. Sikuweza kumjibu.

Nilimuuliza dokta maswali mengi na shemeji alitafsiri yote kwa uvumilivu. Rangi yenyewe inaitwa indosayanini ya kijani, ni unga kwenye kichupa cha miligramu 25 unachanganywa na maji ya sindano, na sio kitu cha majaribio, Marekani waliiruhusu tangu 1959, wameitumia kwenye vipimo vya moyo, ini, na mishipa ya ndani ya jicho. Ikiingia inajishika na protini za damu kwahiyo inabaki ndani ya mishipa, damu inapofika nayo ipo, isipofika panakuwa giza. Wanaimulika kwa mwanga wa infraredi, yenyewe inarudisha mwanga ambao jicho halioni ila kamera inaona. Kama huelewi chukua rimoti ya king'amuzi, ielekeze kwenye kamera ya simu ubonyeze, simu nyingi zitakuonyesha kitaa kinawaka ambacho kwa macho hukioni.

Hofu yangu kubwa ilikuwa figo mpya kubebeshwa mzigo wa dawa siku ya kwanza, maana kwenye siti skani walituonya sana kuhusu dawa ya kontrasti, ile wanayochoma ili mishipa ionekane kwenye picha, kwamba inaweza kuisumbua figo. Hii inatolewa na ini kwenye nyongo, sio figo, na nusu yake inaondoka kwenye damu ndani ya dakika 3 au 4, ndo maana waliweza kurudia. Ila ina ayodini ndani. Nikakumbuka sista alituuliza siku moja kabla kama kuna mwenye mzio wa ayodini, tukajibu hapana bila kujua swali linahusu nini!

Msiichukulie kama mganga lakini. Inaona juu juu tu, kama sentimita moja hivi, ndani kabisa ya figo haifiki, na haikwambii kama mwili utaikataa figo wiki ijayo. Kung'aa kwenyewe ni daktari anakadiria kwa jicho lake. Kesho yake mdogo wangu alipigwa ultrasaundi ya dopla, ile inayoonyesha damu inavyopita, kama kawaida na dawa za kuzuia mwili kukataa figo anameza mpaka leo.

Kwa kamera natoa nyota 5, kwa namna tulivyoambiwa natoa 2. Ukienda popote, iwe India, Muhimbili ambako walianza 2017 au Benjamin Mkapa pale Dodoma walipoanza 2018, muulize daktari kabla ya kusaini, mkishaunga mtajuaje damu imefika kila kona, na kama kuna kamera bei yake iko ndani ya kifurushi au inakuja pembeni. Usione aibu, ni figo ya ndugu yako.

Video tulipewa kwenye flashi. Mama kaiangalia nyumbani Ujiji mara tatu sasa, na kila mara anaomba turudishe nyuma pale ncha ya chini inapowaka.